Do-re-mi, C-D-E au 1-2-3: mtoto aanze na majina gani ya noti?

Chukua wimbo wa Mary na mwanakondoo wake, ambao watoto wengi wa chekechea hapa Mombasa wanaujua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Mwalimu wa kwaya ya watoto atamwambia mwanao kwamba mahadhi yake yanaanza mi re do re mi mi mi. Kinanda kilichobandikwa stika kitamwambia E D C D E E E. Akienda shule na rikoda yake, ataandikiwa ubaoni B A G A B B B. Akifungua video ya mwalimu wa udi kutoka Misri, huenda akasikia si la sol la si si si. Na tashkota ya mjomba, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, kama bado iko juu ya kabati, ina namba kwenye vitufe vyake: 3 2 1 2 3 3 3.

Wote hao wako sawa, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mtoto wa miaka saba akikutana na majina haya yote ndani ya muhula mmoja, ataona muziki ni hesabu nyingine, na mzazi ataona mtoto hana kipaji. Kumbe ilihitajika tu mtu mzima mmoja aamue mapema: tunaanza na haya, mengine baadaye.

Msimamo wangu nautoa hapa hapa ili usinisome kwa mashaka. Mtoto anayeanza kwa kuimba aanze na solfa, yaani do re mi, na do yake iwe inahama. Herufi zingoje mpaka ala iingie nyumbani. Lakini ziko nyumba ambazo ushauri huo hauzifai, na nitazifikia.

Jina linashika sauti, au linashika nafasi?

Mifumo hii, hata ikiwa mingi namna gani, inagawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza linaipa sauti yenyewe jina. C ni C, iwe katika wimbo gani, iwe imeanza mstari au imemaliza. Fungu la pili linaipa jina nafasi ya noti katika ngazi ya wimbo unaoimbwa sasa hivi: do ni pale wimbo unapotulia, re ni hatua moja juu yake, na kuendelea. Ukipandisha wimbo mzima, do nayo inapanda.

Fikiria matatu ya kutoka mjini. Buxton ni Buxton hata ungepandia wapi. Lakini ukimwambia konda "nishushe stejini ya tatu", hiyo ya tatu inategemea ulipandia wapi. Herufi ni majina ya vituo. Solfa, namba na sargamu (majina ya noti ya Kihindi) ni kuhesabu kutoka ulipopandia. Abiria anahitaji yote mawili siku moja, ila mgeni huanza na moja.

Sasa tuweke kando kwa kando mahadhi yanayojulikana kuliko yote, yale ya wimbo wa nyota, ambayo ndiyo hayohayo ya kuimbia ABCD. Yalitoka Ufaransa katika karne ya 18, Mozart akayatungia mabadiliko 12 ya piano, na shairi la Kiingereza la nyota, lililoandikwa na Jane Taylor na kuchapishwa 1806, likaja kupachikwa juu yake. Mistari miwili ya mwanzo ni hii:

Solfa: d d s s l l s / f f m m r r d
Namba: 1 1 5 5 6 6 5 / 4 4 3 3 2 2 1
Sargamu: Sa Sa Pa Pa Dha Dha Pa / Ma Ma Ga Ga Re Re Sa
Herufi, ukianzia C: C C G G A A G / F F E E D D C
Herufi, ukianzia D: D D A A B B A / G G F# F# E E D
Do isiyohama (do ni C siku zote), ukianzia D: re re la la si si la / sol sol fa fa mi mi re

Tazama mistari mitatu ya juu. Anzia popote koo lako linapotaka, haibadiliki hata silabi moja. Mitatu ya chini imefungwa pale ulipoanzia. Ukihama kutoka C kwenda D, herufi zote zinabadilika na F inadai shapu yake, ile alama ya # inayoipandisha nusu hatua. Na ule wa mwisho una jambo la ziada: anayeimba husema "fa" tu, ile shapu anaijua moyoni. Mtoto hana cha kujua moyoni bado.

Solfa inayohama

Asili yake ni ya mbali. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, alichukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohana Mbatizaji ambao kila kipande chake kilianza noti moja juu ya kilichotangulia, akatumia silabi za mwanzo kuwafundisha waimbaji: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut ikaja kuwa do, na ya saba ikaongezwa baadaye. Lakini solfa tunayoijua sisi, ile ya kuandikwa kwa herufi za mwanzo d r m f s l t, ni ya Uingereza ya karne ya 19. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, aliitengeneza kwa ajili ya watoto, na mchungaji John Curwen akaichukua, akairekebisha na kuisambaza. Glover ndiye aliyebadilisha si ikawa ti, kwa sababu ya kiofisi kabisa: so na si zote zinaanza na s, na ukiandika herufi ya kwanza tu utazichanganya. Wamishonari wakaibeba, na hadi leo ukiingia mazoezi ya kwaya nyingi za Kenya utakuta karatasi iliyoandikwa juu "Doh = G" na chini yake safu za d, m na s.

Faida yake ya kwanza kwa mtoto ni kwamba inafuata koo. Nyimbo za michezo ya Pwani, Ukuti ukuti kwa mfano, huanzishwa na mtoto yeyote kwa sauti yoyote iliyomjia. Hakuna anayepiga noti ya kuanzia pale uwanjani. Leo wanaanza juu, kesho chini. Mfumo unaosema "jina limebadilika kwa sababu Asha ameanzisha badala ya Salim" hauna maana kwa watoto hao. Solfa haijali nani kaanzisha.

Ya pili ni mikono. Curwen aliweka ishara ya mkono kwa kila noti, na Wahungaria waliofuata njia ya Zoltán Kodály wakazifanya maarufu zaidi. Do ni ngumi, chini usawa wa kiuno. Re ni kiganja kilichoinama kama kinapanda mlima. Mi ni kiganja kilicholala, kinaangalia chini. So ni kiganja kilichosimama kwa upande, kinaelekea kifuani. La ni mkono uliolegea, vidole vikining'inia. Ti ni kidole cha shahada kinachoonyesha juu, kama kinaomba ruhusa ya kufika do ya juu. Sasa uimbe ule wa Mary mbele ya watoto: mkono unashuka kutoka mi hadi ngumi, unapanda tena hadi mi, unagonga hapo mara tatu. Mtoto asiyejua kusoma ameona umbo la wimbo kwa macho. Kumbuka pia kwamba wimbo wote ule una noti nne tu, do, re, mi na so, kwa hiyo ishara nne zinatosha kuanza. Ule wa nyota unataka sita, na ti haimo kabisa.

Ya tatu ni ya mwalimu zaidi kuliko mtoto: solfa inaandikika kwenye simu. Hakuna mistari mitano, hakuna programu ya kununua. Nukta mbili zinatenganisha mapigo, kistari kinashikilia noti:

d :d |s :s |l :l |s :– ||

Hiyo unaituma kwenye WhatsApp saa nne usiku na kila mama anaisoma. Mimi kwa hilo peke yake ningeisamehe solfa makosa mengi.

Na makosa inayo. La kwanza ni kujua do iko wapi, na wimbo unaowanasa watu wengi ni ule wa siku ya kuzaliwa. Kwa kuwa nyimbo nyingi za watoto zinaanza na do, mtu anaipa noti ya kwanza jina la do bila kuwaza, anaimba do do re do fa mi, na mambo yanaenda vizuri. Mstari wa pili unapita. Wa tatu, wenye ile ruka ya oktava nzima inayowavunja watu sauti kwenye kila sherehe, nao unapita. Mstari wa mwisho ndio unaomfichua, kwa sababu noti yake ya kwanza imekataa kukaa kwenye ngazi. Inataka ti iliyoshushwa, ambayo wana solfa huiita ta. Ukweli ni kwamba wimbo huo unaanza na so ya chini: so so la so do ti. Ukianzia hapo, mstari wa mwisho unakuwa fa fa mi do re do, safi kabisa. Kwa hiyo mwalimu mzuri wa solfa haulizi "umeanza wapi?" bali "umetulia wapi?", na mtoto anatafuta do mwishoni mwa wimbo, si mwanzoni.

La pili ni nyimbo za maina (minor kwa Kiingereza), ngazi ile inayosikika kama ya huzuni. Wimbo wa taifa wetu, ambao mahadhi yake mwaka 1963 yalichukuliwa kutoka wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kubembeleza watoto, uko katika maina. Kwenye solfa ya Curwen, nyumbani kwa maina ni la, si do. Mtoto aliyefundishwa kwamba do ndiyo nyumbani siku zote atashangaa. Haina haja ya kumweleza nadharia. Mwambie tu nyimbo nyingine hutulia kwenye la, muimbie, aisikie. Lakini mwalimu asiyelijua hilo ataibatiza noti ya mwisho do, kisha ataanza kushusha mi na la kila mahali, na darasa litapotea.

Herufi

Herufi ni lugha ya ala. Ukishanunua kinanda, kuzikwepa huwezi, na sioni sababu ya kufanya hivyo. Mtoto anauliza "hii ni ipi?" na anastahili jibu moja lisilobadilika. Kodi za gitaa (chords, noti zinazopigwa pamoja) zimeandikwa kwa herufi, video nyingi za Kiingereza zinasema herufi, na siku atakapopiga na wenzake, mtu akisema "tunaenda F" ataelewa.

Shida zake ni za umri. Mtoto wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, yuko katikati ya vita vya herufi tayari. Darasani kwa Kiingereza A inaitwa "ei" na E inaitwa "ii". Kipindi cha Kiswahili kikiingia, A ni "a", E ni "e", na ile "ii" ni herufi nyingine kabisa. Sasa unamwongezea kwamba kwenye kinanda ngazi haianzi na A bali na C, inafika G halafu inarudi A. Ukiwa na miaka tisa haya yote ni mchezo. Ukiwa na mitano, ni mengi.

Shida nyingine ndiyo ile iliyofungua ukurasa huu. Rikoda, ambayo mtaala wa umilisi unaitumia katika gredi za juu za shule ya msingi, huanza na B, A na G, kwa sababu hizo ndizo rahisi kwa vidole vya mkono wa kushoto: kidole gumba nyuma na kimoja mbele unapata B, ongeza cha pili ni A, cha tatu ni G. Kwa hiyo Mary wa rikoda ni B A G. Mary wa kinanda cha nyumbani, ambacho mtu amekibandika stika kuanzia C, ni E D C. Mtoto anarudi na rikoda, anatafuta B A G kwenye kinanda, anazipata, wimbo unatoka, na sasa anauliza kwa nini mara hii umetoka mahali pengine. Ni swali zuri sana. Mwenye solfa analijibu kwa sentensi moja: zote ni mi re do, ila do imehama kutoka C kwenda G. Mwenye herufi peke yake hana jibu la kumpa mtoto.

Kuhusu stika zenyewe, sizipendi. Kwanza kwa joto letu na jasho la vidole zinaanza kung'oka pembeni. Pili, mtoto anasoma stika badala ya kutazama kinanda. Mfundishe kwamba vitufe vyeusi vimepangwa viwili, vitatu, viwili, vitatu, na kwamba C ni cheupe kilicho kushoto kwa vile viwili. Akijua hilo, ataipata C kwenye kinanda chochote, hata cha kanisani kisicho na stika. Ukiona ni lazima ubandike, bandika C peke yake.

Do isiyohama

Huu ndio mfumo unaoleta fujo nyingi, kwa sababu unatumia maneno ya solfa kwa kazi ya herufi. Ufaransa, Italia na Uhispania, do ni C siku zote, na noti ya saba wanaiita si. Nchi za Kiarabu nazo, wanamuziki wanaosoma noti hutumia do re mi fa sol la si kwa namna hiyohiyo.

Kwa Mombasa hili si jambo la mbali. Mtoto mwenye hamu ya udi, aliyekulia nyumba inayosikiliza mpigaji udi Zein l'Abdin, atajifunza kwa sehemu kubwa kutoka kwa mpigaji mzee au kutoka video za Kiarabu. Humo atasikia do maana yake C, na makamu, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu, zikitajwa kwa majina yake: rasti, bayati, hijazi, saba. Kwa mtoto huyo, solfa inayohama itamgombanisha na mwalimu wake kila siku. Namshauri aende na do isiyohama tangu mwanzo, au na herufi, na solfa inayohama aiache kabisa.

Kuna na jambo la ndani zaidi. Noti ya tatu ya makamu ya rasti inakaa katikati ya mi na mi flati, yaani mi iliyoshushwa nusu hatua. Kwenye piano haipo; iko kwenye ufa kati ya kitufe cheupe na cheusi. Hakuna hata mfumo mmoja kati ya hii wenye silabi ya kawaida kwa ajili yake. Wanaosoma kwa noti huiita mi nusu flati, na mpigaji hupata mahali pake kwenye udi kwa sikio, maana udi hauna vizuizi shingoni. Ukitaka mtoto aisikie, msikilizishe taarabu ya udi na fidla, usimwandikie.

Namba

Wazo la kuandika muziki kwa namba lina wazee wake pia: Jean-Jacques Rousseau alilipeleka mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1742, na leo Wachina wengi husoma nyimbo zao kwa namba. Kwetu limepita mlango mwingine. Tashkota iliyobuniwa Nagoya, Japani, 1912, iliingia taarabu ya Mombasa ikakaa, na vitufe vyake vya Kijapani vina namba.

Kwa mzazi asiyejua chochote cha muziki, namba ndizo rahisi kuliko zote. Anaelewa papo hapo kwamba 5 iko juu ya 3. Anaona ruka ya 1 hadi 5 ni kubwa. Kuziandika hakuna shida. Shida inakuja ukizitia mdomoni. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba: zote saba zina silabi mbili mbili. Jaribu kuimba wimbo wa nyota kwa Kiswahili, "moja moja tano tano sita sita tano". Noti saba zimegeuka silabi kumi na nne, na ile noti ndefu ya mwisho imekatwa vipande viwili. Mtoto anajifunza mwendo ambao si wa wimbo. Ndiyo maana wanaofundisha kwa namba hukimbilia kuhesabu kwa Kiingereza, na hapo mmerudi kwenye lugha mbili. Do, re, mi na wenzao wana silabi moja moja. Kwa kuimba hakuna mashindano.

Tena kwenye kinanda namba zina mwenyewe tayari. Vitabu vya piano huhesabu vidole: gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5. Mkono wa kulia ukikaa kwenye C, bahati inakuwa nzuri, kidole 1 kinaangukia noti 1. Peleka mkono wa kushoto: sasa noti 1 iko chini ya kidole 5. Na wimbo wa nyota unataka noti 6 wakati mtoto ana vidole vitano. Nimeona karatasi ambazo namba za juu ni vidole na za chini ni noti, bila maelezo yoyote. Aliyeziandika bila shaka alikuwa anaelewa yeye.

Kwa hiyo namba nazipa kazi moja: karatasi ya mzazi, au tashkota. Ukiwa unataka kumsaidia mwanao nyumbani na hujui so ni ya ngapi, andika 1 hadi 7 chini ya do hadi ti mlangoni mwa friji na uendelee.

Sargamu

Hii nitaipitia haraka. Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni: hayo ni majina ya Kihindi, na Sa inahama kama do. Mombasa ina familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi ambazo watoto hujifunza kuimba au kupiga hamonia kwa sargamu, na mahadhi ya filamu za Kihindi yako ndani ya taarabu yetu tangu zamani. Mwimbaji Juma Bhalo alijulikana kwayo. Kama mwalimu uliyempata jirani anafundisha sargamu na anafundisha vizuri, mpeleke mtoto bila wasiwasi. Sikio linalojengwa ni lilelile linalojengwa na solfa, na kutoka Sa kwenda do ni kazi ya jioni moja.

Basi nyumba yako ni ipi?

Mtoto wa miaka minne hadi saba, hana ala, anaimba tu: solfa inayohama pamoja na ishara za mikono. Anza na ule wa Mary, noti nne. Nenda kwenye ule wa nyota akishashika la na fa. Wa siku ya kuzaliwa uwe wa mwisho, kwa sababu nilizotaja.

Kuna nyumba nyingi hapa, Mji wa Kale na kwingineko, ambazo vinanda na ala za nyuzi haziingii kwa sababu ya dini, lakini kasida zipo na matwari yapo. Hapa solfa inafaa kwa namna ya pekee, maana haidai chochote ila koo na mikono. Itamsaidia mtoto kushika mahadhi ya kasida na kuanza pamoja na wenzake bila kupanda juu kupita kiasi. Kisomo cha Kurani kina walimu wake na kanuni zake, usikipeleke huko.

Mtoto wa miaka minane kwenda juu aliyenunuliwa kinanda au anayeanza rikoda shuleni: herufi, lakini kila wimbo mpya auimbe kwanza kwa solfa kabla hajagusa kitufe. Dakika tatu zinatosha. Ukiona mwalimu wa shule anatumia solfa na wa kinanda anatumia herufi, hao hawapingani, waache. Wanaopingana ni mwalimu wa do inayohama na mwalimu wa do isiyohama, maana wanatumia neno moja kwa vitu viwili, na mtoto mdogo hawezi kuwatumikia wote. Hapo chagua mmoja.

Mwenye ndoto ya udi tumeshazungumza. Wa tashkota aende na namba zake, akiimba kwa solfa.

Kumjua mwalimu anatumia mfumo gani kabla hujalipa ada, usimwulize kwa jina la mfumo, maana wengi watakwambia "solfa" kwa yote mawili. Mwombe aimbe mstari wa kwanza wa wimbo wa nyota kwa majina ya noti. Kisha mwombe aupandishe kidogo, auimbe tena. Akiimba do do so so mara zote mbili, do yake inahama. Akianza na do mara ya kwanza, kisha akarudi na re re la la, haihami. Na akiimba kwa herufi, mwombe aanzie D na aendelee hadi mstari wa pili, uone kama ile F shapu ameikumbuka.